Shamba Langu Si Msitu

Huzaifa Abubaker,
Dereva wa lori la chumvi, Kabatoro hadi Bwera,
Mkazi wa Bugoye.

Ndugu Mkuu wa Mradi wa Kupima Majeraha ya Msitu,

Pokea heshima zangu zote, kisha upokee na uchungu wangu. Nalalamikia ramani mliyotuonyesha ukutani hapa Bugoye Jumanne, ile ya picha za satelaiti za miaka sita. Mlisema nyekundu ni mahali binadamu ameuchokoza msitu, kijani ni mahali ameuacha upumzike. Afisa wenu akagusa kwa fimbo kipande kilicho kijani kuliko vyote, akasema hapo mkono wa mtu haujafika tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Ndugu, hapo ni shambani kwangu.

1. Si kweli kwamba sijafika. Mwaka juzi nilisimamisha lori barabarani nikaliangalia shamba vizuri sana, sikuzima hata injini.

2. Mke wangu Mariat alikuwa amekaa mstari wa mbele Jumanne hiyo. Miaka yote hiyo nikimuaga naenda palizi, anajua napalilia. Alinigeukia mbele ya majirani: "Hata satelaiti iko najua weye ni muvivu!" Macho hayana pazia, najua, lakini ya kwenu yamezidi. Tangu siku hiyo chakula napewa, neno sipewi, na inaniuma.

3. Shamba tulipewa na baba yake. Siku ile ile Mariat aliapa kwamba ramani ya mwaka ujao ikitoka kijani tena, atampa dada yake Naswiba alime. Naswiba analima kweli! Mtapoteza msitu wenu mzuri kuliko yote, nami nitapoteza kitu pekee kinachonifanya niitwe mwenye mji.

4. Kwa hiyo naomba mnipake nyekundu. Kidogo tu, kiasi cha mtu mwenye jembe moja.

5. Mkikataa, niajirini. Ikiwa kuuhifadhi msitu ni kuuacha, nani ameacha kuliko mimi? Kwa miaka sita sijakosa kutokwenda hata siku moja.

Nisalimie wapimaji wote, afisa wa fimbo, na yeyote anayeiendesha hiyo satelaiti, madereva tuheshimiane.

Wako katika aibu,
Huzaifa Abubaker

N.B. Jana, kabla sijaituma barua hii, nilimpeleka Mariat nikamwonyeshe mihogo yangu. Alikaa kando ya barabara akanisubiri tangu asubuhi hadi alasiri. Shamba nililitafuta kote, sikuliona. Tafadhali nitumieni ile ramani.