Kilemba Chekundu Mteremkoni

Jumatatu, 6 Mei
Ijumaa binti yangu anapimwa! Lori la saruji, mifuko mia sita, aliteremshe mlima mzima. Lori moja, wanaoligombea wawili: yeye na kijana wa jirani yangu, Mama Cherehani. Mkaguzi ni dereva mstaafu, wanamwita Mzee Pole. Nimelia kwa raha, nikajifuta, nikaenda kuringa kwa jirani.

Jumanne, 7 Mei
Balaa. Mama Cherehani kasema mwanawe huteremka kama mshale, wangu kobe. Nimerudi nimefura. Binti akacheka. Eti Mama, lori lenye mzigo halikimbizwi. Gia nzito, ileile ya kupandia, unaiingiza kabla mteremko haujaanza, injini ilizuie. Breki unagusa, unaachia. Ukiikanyaga njia nzima inashika moto, halafu huna breki. Nikaitikia, ndiyo mwanangu. Moyoni: mwanangu aitwe kobe nami ni hai?

Alhamisi, 9 Mei
Mpango! Nitasimama kwenye kona ya katikati. Akifika, nampungia kilemba chekundu aongeze mwendo. Nimefanya mazoezi sebuleni. Glasi mbili hatunazo tena.

Ijumaa, 10 Mei
Kijana wa jirani alitangulia. Vuuu! Magurudumu yanafuka moshi! Lundo la mchanga la dharura ndilo lililomsimamisha. Mzima, ashukuriwe Mungu. Mama yake nikamkumbatia, tukalia pamoja.

Lori likapozwa hadi alasiri. Nilishaamua kukificha kilemba. Lakini Mama Cherehani, machozi hayajakauka, akasema haya, tumwone kobe wako. Nikapunga kwa mikono miwili!

Binti kuona nyekundu akadhani kuna hatari mbele. Akasimamisha. Mifuko mia sita, katikati ya mteremko, tuli! Mzee Pole akashuka, mkali, akauliza kuna nini. Nikamwambia huyo ni mwanangu. Akasogeza kiganja karibu na gurudumu. Halina joto. Akasema anayeweza kusimama hapa ndiye dereva. Kapata lori! Kanikumbatia, kanikanya nisirudie. Nimeapa.

Jumapili, 12 Mei
Bila kilemba angepata? Wapi! Leo safari yake ya kwanza, milima mitatu. Naandika nimejikunja kwenye kitanda nyuma ya kiti chake, pazia nimevuta. Anaimba, hajui nipo. Kaingiza gia nzito. Jamani, mwendo gani huu? Tumepitwa na baiskeli!

Kilemba kiko wapi?