Ua Jekundu Karibu na Kiwiko

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimenunua daftari hili kwa hasira. Miaka thelathini na miwili nimefunga plasta katika hospitali ya watoto, na leo naambiwa chumba cha plasta ni kikubwa mno kwa kazi iliyobaki. Kimeombwa. Aliyekiomba ni mtunza stoo, Kibonge, niliyesoma naye darasa moja na ambaye hajawahi kuacha kitu changu kikae kwa amani, kuanzia kifutio.

Daktari wa mifupa ndiye mwamuzi. Binti mdogo, alikuja mwaka jana na maboksi ya magango ya kitambaa, yale ya kuvaa na kuvua. Kasema wiki hii plasta zikifika kumi, chumba ni changu. Zisipofika, Kibonge anahamia na glavu zake.

Kumi! Zamani kumi nilizimaliza kabla ya chai. Benchi lilijaa, na kila mtoto aliondoka na mkono mweupe ambao wenzake wangeugombania kwa kalamu. Nami nilivunjika nikiwa darasa la tatu. Darasa zima waliniandikia majina. Mmoja akachora ua jekundu karibu na kiwiko, bila jina. Nilijua limetoka kwa nani. Ndiye mke wangu. Kipande kile cha plasta bado kipo, juu ya kabati la chumba cha plasta.

Leo: mbili.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango. Nimekaa kwenye benchi la wazazi nikijifanya napumzika, nikaanza kuisifia plasta. Mama mmoja akanasa. Mwanawe wa miaka miwili hakutaka kuusogeza mkono, ukining'inia tu. Nikamwambia hapo dawa ni plasta, nikaenda kulowesha bendeji za plasta.

Daktari akaja na swali moja: mtoto aliangukaje? Mama akajibu kwamba hakuanguka, alivutwa mkono walipokuwa wakivuka barabara. Daktari akakishika kiwiko, akauzungusha mkono, akaukunja. Kikalia tik. Mtoto akalia kidogo, kisha akaunyoosha mkono uleule kuomba biskuti.

Mfupa ulikuwa umeteleza tu. Na mimi naujua ujanja huo tangu huyu binti yuko chekechea. Tamaa ilinifumba macho. Akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniuma, kwamba mzee, tuulize kwanza, tuloweshe baadaye. Bendeji zangu zimegandia ndooni.

Jumla, pamoja na moja ya asubuhi: tatu.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mjukuu wangu wa miaka minane, tunayeishi naye, kaanguka ukutani shuleni. Kaletwa ameushika mkono, kifundo kimevimba. Moyo ulinishuka hadi kwenye viatu. Na chini ya hofu hiyo, Mungu anisamehe, nikajikuta nahesabu: nne.

Daktari kapiga eksrei, kanionyesha. Mfupa umebonyea upande mmoja kama kopo lililobanwa. Haukukatika. Gango la kuvua, wiki tatu, basi. Nikabisha. Nikasema picha siioni vizuri. Niliiona vizuri sana. Binti yuko sahihi.

Nyumbani nikajaribu upande wa pili. Nikamuuliza mjukuu kama hataki plasta ya kweli, kama ya babu, darasa zima limwandikie. Nilikuwa na bendeji mbili mfukoni. Akafikiri. Akauliza kama angeoga nayo. Hapana. Kama angeivua ikiwasha. Hapana. Akaniambia pole babu, kwa nini nisijifunge mimi mwenyewe.

Mtoto ana akili.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimejifunga mkono wa kushoto, kutoka chini ya kiwiko hadi kwenye vifundo vya vidole. Kazi safi. Nikajiandikisha kwenye daftari la wagonjwa, namba tano, baada ya mtoto wa nne wa asubuhi. Mjukuu alipotoka shule akanichorea kuku. Tulikaa kwenye benchi, yeye na gango lake, mimi na plasta yangu, nikamsimulia habari za darasa la tatu. Kwa muda ule sikudai kitu kingine duniani.

Saa kumi vidole vikaanza kuvimba. Nikabana kucha, damu ikakawia kurudi. Pete! Miaka thelathini na miwili nawaambia wazazi: vua pete, vua bangili, vua hata uzi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Walijuaje habari zangu?

Nikaenda kwa daktari mkono nikiuficha mgongoni. Hakucheka. Akaikata plasta kwa msumeno, akaitoa pete kwa sabuni na uzi. Kisha akafungua daftari, akaniuliza nina umri gani, kwa kuwa hii ni hospitali ya watoto. Akaifuta namba tano.

Kuku kakatika vipande viwili. Nimevichukua vyote.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Jumla nne. Saa tatu Kibonge kafika na toroli la maboksi, akipiga mluzi. Akaanza na juu ya kabati. Akakishika kipande changu cha zamani. Mluzi ukakatika.

Akaniuliza kama kweli bado ninalo ua lake.

Nikamwambia nani kakwambia ni lako. Akasema kalamu nyekundu aliiiba kwa shangazi yake. Hakuandika jina kwa sababu wavulana wangemcheka, mvulana mzima kuchora maua. Siku ile mimi nililia kwa kuwa siwezi kucheza mpira, akakosa la kuniambia, akachora. Nikamwita mwongo. Akachukua kalamu, akachora jingine kwenye boksi la glavu. Petali tano, jani moja limepinda. Lilelile. Ikabidi nikae.

Sijasimama bado, analetwa mtoto wa miaka kumi, kaanguka kutoka mtini. Mkono umepinda katikati, mifupa yote miwili. Gango halikutajwa. Akapewa dawa ya usingizi. Daktari akavuta, Kibonge akaushikilia mkono kwa juu kwa kuwa hapakuwa na mwingine, mimi nikafunga. Maji vuguvugu, kuishika kwa viganja tu, kamwe si kwa ncha za vidole. Mkono wangu wa kushoto uliwaka moto. Nikausubiri ugumu ule ninaoujua kuliko sauti yangu, kisha nikaipasua plasta upande mmoja kuuachia uvimbe nafasi.

Eksrei: mifupa imenyooka. Daktari akasema hajawahi kuona plasta imekaa vile. Nilikuwa na jibu kali tangu Jumatatu, lakini nikaenda kuosha ndoo. Kibonge alifuta macho, akasingizia vumbi la plasta.

Tano.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimemuuliza mke wangu habari za ua. Kacheka hadi akashika ukuta. Yeye alihamia shule yetu darasa la tano, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Alijua miaka yote. Nilipokwenda kumposa nilimshukuru kwa ua, naye akaona mwanaume anayetunza ua muda wote huo si wa kusahihishwa.

Nilikasirika hadi chakula cha mchana. Baadaye nikaleta kipande cha zamani nyumbani, nikakiweka karibu na kuku. Nimewahi kupendwa na watu wengi kuliko nilivyofikiri.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Daktari kapiga simu. Jumatatu na Alhamisi chumba ni changu. Siku nyingine, glavu. Kasema plasta bado inahitajika, ila si kwa kila mtoto, na anataka niwafundishe wanafunzi wake. Nimemshukuru kutoka moyoni.

Halafu nikapiga hesabu. Plasta tano zimenipa siku mbili. Kumi zitanipa nne.

Nimezungumza na Kibonge. Atalowesha bendeji, kwa sharti kwamba awe wa kwanza kuchora. Kwenye daftari, penye umri, tutaandika minane. Kidole cha kushoto bado kimevimba, kwa hiyo mke wangu ameichukua pete akanivisha mkono wa kulia. Kasema nisithubutu kuivua tena. Nimeapa.

Kesho mapema, kabla daktari hajafika, najifunga mkono wa kulia.