Sufuria ya Watu Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Na ndiyo maana nasema sikukosea kuolewa na seremala. Leo mume wangu (siku ya kumi na tisa naandika neno hili, na bado nalipigia mstari) ameuza mbao za kabati langu la nguo. Kanunua mchele. Siku hizi hakuna anayeagiza kitanda. Watu wanaleta viti vya miguu mitatu wakiomba wapachikiwe wa nne. Hata hivyo anasema jirani zetu wana hali ngumu kuliko sisi. Basi nguo zangu zitakaa sandukuni. Nilimtazama akiingia na gunia begani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Wanaume kama huyu hutengenezwa wapi?

Jirani mwenyewe ni Msimamizi. Uani wote tunamwita hivyo kwa cheo chake cha kiwandani. Kiwanda cha sabuni kimefungwa tangu Februari, lakini kila asubuhi anafunga tai, anabeba mkoba na kuwaaga watoto wake mapacha kwamba anakwenda kazini. Mume wangu humwona ameketi bustani ya manispaa mpaka jioni. Ukuta wetu unapitisha kila kitu, na siku tatu sasa sijasikia mwiko ukigonga sufuria. Leo pacha mmoja amerudishwa kutoka shule. Kaanguka mstarini kwa njaa.

Mume wangu alipeleka mchele. Msimamizi akaurudisha kwa heshima zote, akasema apewe mhitaji.

Nimemwambia mume wangu aniachie mimi. Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Bahati nasibu! Ya bure, kwa wapangaji wote wa uani. Zawadi: mchele kilo tano. Mshindi hapokei sadaka, anapokea bahati yake. Mume wangu alijikuna kichwa kwa penseli, akauliza itakuwaje bahati ikimwangukia mwingine. Nikasema hilo nimelifikiria. Sikusema nimelifikiriaje.

Wifi yangu wa ng'ambo ya barabara alisikia, akacheka. Yeye mwezi uliopita aligawa nguo kuukuu na kupiga picha na kila shati. Ameomba kushiriki. Karibu, wifi. Njoo uone wenzio wanavyotoa.

Jumatano, 5 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Majirani walikusanyika bombani. Muuza maji alichota karatasi kapuni, akasoma: Msimamizi. Makofi. Mzee wa watu akaweka tai sawa, akapokea mfuko. Alikuwa anatabasamu, nilimwona. Ndipo wifi akauliza karatasi yake yeye ilikuwa ipi. Akamwaga kikapu chini. Msimamizi. Msimamizi. Msimamizi. Karatasi zote, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniua. Msimamizi aliuweka mchele juu ya ndoo taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango. Kupitia ukutani nikamsikia akimwambia mkewe wafunge mizigo, wahame Jumamosi. Hapa wameshakuwa ombaomba machoni pa watu. Mkewe akauliza wahamie wapi. Nikasikia sanduku likiburutwa.

Nililia. Mume wangu hakunigombeza. Alinifuta machozi kwa kipande cha msasa, maskini, akidhani ameshika leso. Akaniomba nisibuni kitu kingine. Kesho nipike tu, lakini nipike kama nilivyokuwa nikipika kwetu.

Kwetu tulikuwa watu tisa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepika. Mume wangu akaibeba sufuria mpaka mlango wa jirani. Mimi sikio ukutani.

"Mzee, nimekuja na aibu yangu," akasema. "Nimeoa binti mzuri sana, lakini kupikia watu wawili hajui. Tunamwaga kila siku. Na hali ilivyo sasa, kweli mtu unamwaga chakula? Nisaidieni."

Hajui! Mimi! Nilikaribia kuutoboa ule ukuta. Kisha Msimamizi akajibu kwa sauti ambayo lazima ndiyo aliyokuwa akiitumia kiwandani.

"Kijana, mkeo usimseme nje. Ndoa bado changa. Lete hapa, tutakusitiri."

Halafu vijiko. Vinne. Sijapata kusikia muziki mtamu kama ule, hata siku ya harusi yetu. Mume wangu akarudi mikono mitupu, nami nikajua nimeolewa na mtu mkubwa, ingawa ananifikia begani.

Jumapili, 9 Juni

Jumamosi imepita, hawakuhama. Badala yake jana mke wa Msimamizi alikuja na kikombe kunifundisha vipimo. Viwili, mwanangu, unapangusa juu kwa kiganja, basi. Nikaitikia. Alipogeuka nikatia tisa.

Leo karudi tena. Akanishika mkono kabisa kama mtoto wa chekechea. Nikatia tisa. Wifi ameshatangaza kwamba kaka yake kaoa mzigo. Msimamizi alinipa pole bombani. Akasema kiwandani alikuwa na mfanyakazi mzito kama mimi na hakumfukuza. Nikamshukuru kwa kichwa kilichoinama.

Mlangoni mkewe aliung'ang'ania mkono wangu. "Usiwe na haraka ya kujua, mwanangu," akaniambia. Macho yake yalikuwa yamejaa.

Jumatano, 12 Juni

Mume wangu kasema bila shaka sasa nimeona kosa la bahati nasibu lilikuwa wapi. Nimeona. Ningebadilisha kalamu.

Naye kanieleza habari za shangazi yake mjane, aliyeuza cherehani yake na hapokei kitu kwa mtu. Sikukaa kitako. Nimeazima miwani mikubwa ya muuza maji. Nitajifanya afisa wa kampuni ya biskuti anayetafuta mtu mzima wa kuonja maboksi manne na kutoa maoni. Shangazi aliniona kwenye harusi tu, tena nikiwa na shela. Ili asije akatoka siku hiyo, nimeshamtumia ujumbe: Shangazi, ni mimi mke wa mwanao, nitakuja kukuona Jumamosi hii, usitoke.