Wiki Niliyoifungua Kompyuta ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Mke wangu hatachukua mtu mwingine. Atanichukua mimi.

Maelezo kidogo, maana siku moja nitasahau. Mke wangu anatengeneza video za harusi. Anapiga mwenyewe, halafu anajifungia chumba cha nyuma kukata, kuunga na kutia muziki. Kazi zimemzidi. Leo wakati wa chai ametangaza kwamba anataka mshirika, nusu kwa nusu, na uamuzi atautoa Jumapili. Wagombea ni wawili. Wa kwanza mimi, mume wake wa halali, niliyekaa nyumbani tangu lile duka la makochi nililokuwa nauza lifungwe. Wa pili mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa simu, anayetembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati utadhani daktari. Namwita Profesa. Yeye hajui.

Sasa, kompyuta. Ni ile ya mezani, kasha kubwa jeusi, aliinunua kabla hajanijua, na kuna siku naona bado anaipenda kuliko mimi. Imechoka. Bibi harusi akiingia ukumbini, kwenye skrini anaingia kwa mafungu. Mguu, kimya. Mguu, kimya. Shela inafika kabla yake.

Dawa naijua! Nimesoma mtandaoni kutwa nzima. Kadi ya picha. Ni kifaa cha kuchomeka ndani ya kompyuta, kazi yake kusukuma picha hadi kwenye skrini. Hii yetu haina kabisa, inajikongoja na kile ilichozaliwa nacho.

Nimemdokeza mke wangu. Kasema wazo si baya, ila mtu asiiguse kompyuta mpaka Jumamosi, siku ya kukabidhi harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Harusi yote imo humo ndani, haipo mahali pengine, na ikipotea jina lake limekwisha mjini. Akarudia mara mbili huku akiniangalia mimi. Sijui kwa nini aliniangalia mimi, maana chumbani tulikuwa na mama yake pia.

Jumatano na Alhamisi anakwenda kupiga harusi nyingine. Chumba kitakuwa changu peke yangu. Akirudi atakuta mashine inapaa. Profesa kwisha habari yake!

Jumanne, 4 Machi

Kadi ninayo! Nimebadilishana na muuza vipuri vya mitumba: yeye kachukua baiskeli yangu, mimi nimechukua kadi. Ina feni mbili na ni ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kitu cha kiume.

Muuza vipuri ana maswali mengi kama polisi. Kaniuliza kama nimepima kasha. Nikamwambia mimi ni mtu mzima. Kaniuliza umeme wa kompyuta yangu una nguvu gani. Nikamjibu umeme wangu ni wa ukutani, kama wa watu wote. Akapanda baiskeli kuijaribu. Nadhani nilimweza.

Kuificha ndiyo ilikuwa kazi. Niliisokomeza kabatini, ndani ya koti langu la suti. Saa hiyohiyo mke wangu akaamua kuipiga suti pasi, kwa mara ya kwanza tangu tuoane! Akaitoa kadi, akaigeuza, akaniuliza hiki ni nini. Nikasema ni kifeni cha kupooza miguu. Kaniuliza mbona kina meno ya dhahabu. Nikasema vya siku hizi ndivyo vilivyo. Akairudisha mahali pake bila neno. Ninavyomjua mke wangu, bila neno si dalili njema, lakini nimepiga moyo konde.

Jioni Profesa kaja kula. Huwa anakuja kula. Kasema kompyuta ya dada yake haihitaji kitu ila kupulizwa vumbi. Mama mkwe akamsifu kwamba mwanawe ana akili za kuzaliwa. Nikacheka kidogo, puani. Mama mkwe akaniuliza kama nina mafua.

Jumatano, 5 Machi

Wameondoka asubuhi. Mke wangu na kamera, Profesa nyuma yake kabeba taa na vyuma vya kusimamishia kamera. Eti anasaidia! Kimbelembele kile. Anajipendekeza mchana kweupe.

Nimejifungia chumba cha nyuma. Kasha nimelifungua kwa kisu cha mezani. Vumbi! Nimepiga chafya mpaka mama mkwe akagonga mlango kuuliza kama naumwa. Nikasema nafanya usafi. Akasema aa, kumbe ndiyo maana hakuielewa ile sauti.

Kadi haikuingia. Tundu lake lipo, ila mbele yake kuna kishubaka cha chuma kilichobeba diski mbili, zile zinazohifadhi kazi. Nikajaribu kwa upole. Nikajaribu bila upole. Mwisho nikang'oa kishubaka chenyewe, nikazifunga diski kwa kamba ya kiatu, nikazilaza juu ya sifongo ya kuogea. Zimelala vizuri, hata mimi ningelala. Kadi ikaingia, tak! Sauti tamu sana ile. Nilisimama nikajipigia makofi, mawili tu, nisimshtue mama mkwe.

Nikawasha. Feni zikazunguka. Taa ikawaka.

Skrini nyeusi.

Nikazima, nikawasha. Nyeusi. Nikasema nayo vizuri. Nyeusi. Ndipo nikaona ubavuni mwa kadi kuna tundu la waya, limeachama, halijapewa kitu. Kumbe na yenyewe inataka kula umeme wake!

Mke wangu karudi hoi, nikamwahi mlangoni. Nikamwambia umeme leo umekuwa wa kuruka, asiiguse kompyuta, itaungua. Kanishukuru kwa kujali. Kanishukuru! Nilijisikia vibaya, lakini si sana.

Alhamisi, 6 Machi

Wametoka tena, nami huyo, mbio kwa muuza vipuri. Kwa miguu. Kanipita njiani akiwa juu ya baiskeli yangu, kapiga kengele.

Kanipa waya wa kulishia kadi. Kasema unachukua umeme kwenye waya mwingine wowote wa ndani usio na kazi. Nikarudi, nikatafuta usio na kazi. Hakuna, zote zinalisha kitu. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na wa kuishuhudia hakuwepo. Diski zipo mbili, sivyo? Kompyuta moja inataka diski mbili za nini? Ya chini ilikuwa imelala tu kwenye sifongo, kimya. Nikaichomoa umeme wake, nikaipa kadi.

Nikawasha. Nyeusi!

Nilikaa sakafuni. Sitaki kuandika nilivyojisikia. Nitaandika: niliogopa. Niliiona Jumapili yenyewe, Profesa kwenye kiti cha pili, mimi naambiwa nipeleke chai.

Kumpigia Profesa? Abadani! Nikampigia. Lakini kwa ujanja. Nikamwambia nina rafiki yangu, simtaji jina, kachomeka kadi ya picha kwenye kompyuta yake na skrini haionyeshi kitu. Nilisikia kelele za harusi nyuma yake, watu wanafurahi. Akaniuliza, huyo rafiki yako waya wa skrini kauhamishia kwenye kadi mpya, au kauacha kwenye tundu lake la siku zote? Nikamjibu kwa ukali kwamba rafiki yangu si mjinga. Nikakata simu.

Nikauhamisha.

Ikawaka! Picha kali, rangi mpaka zinauma macho. Nilimkumbatia mama mkwe sebuleni. Kaniuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia bado, Jumapili.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia jikoni.

Asubuhi mke wangu alikaa kwenye kompyuta na kikombe chake. Nilisimama nyuma yake kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akawasha, akasema mbona leo skrini inang'aa. Nikakohoa. Akafungua moja ya video zake za zamani, ikatiririka kama maji. Akageuka akanitazama, akatabasamu! Hilo tabasamu nalihifadhi hapa kwa maandishi, maana halikukaa.

Akatafuta harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Haipo. Akatafuta tena. Haipo. Bibi harusi hayupo, bwana harusi hayupo, keki haipo, wageni mia tatu hawapo. Akauliza kwa sauti ndogo sana, harusi iko wapi?

Nikasema labda kadi ina kasi mno, imeipita.

Akainuka, akafungua kasha. Akaikuta kadi. Akasema, kifeni cha kupooza miguu. Akaikuta sifongo yake. Akaikuta kamba ya kiatu, na diski imefungwa kama kuku wa kupelekwa sokoni, haina umeme. Harusi yote ilikuwa kwenye hiyo diski. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa tu, mikono mapajani, machozi yakaanza kumtoka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akairudishia diski umeme wake, kwa hiyo kadi ikabaki na njaa, kwa hiyo skrini ikafa. Ikawa ama tuone ama tuwe na harusi. Nikapendekeza wale kwa zamu. Mke wangu akaniomba nitoke nje, kwa adabu kubwa. Akampigia mdogo wake.

Profesa kaja mbio. Kanikuta mlangoni. Kaniuliza, rafiki yako hajambo? Nikampisha.

Kaitoa kadi, karudisha kishubaka, karudisha waya wa skrini. Nilishika roho mkononi mpaka nikasikia mke wangu anashusha pumzi. Harusi ipo! Ila nusu ya siku imepotea, na kompyuta imerudi kujikongoja. Mguu, kimya. Mguu, kimya. Kesho mwalimu mkuu anakuja na video haijaisha.

Mama mkwe kaniletea chai hapa jikoni. Kaitia sukari nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Mwalimu mkuu kafika mapema! Mama huyo kaja na dada zake wawili, wamejipamba. Mke wangu kachungulia kutoka chumba cha nyuma, kasawajika. Video ilikuwa imemalizika kuungwa, lakini kompyuta lazima iichemshe yote, yaani ivigeuze vipande kuwa video moja, kabla ya kuitoa, na ilikuwa inachemsha kama maharage yasiyolowekwa.

Mke wangu kanishika mkono. Kasema, nenda ukae nao. Waongeleshe. Usiwaache wasimame.

Nikaenda. Nikawauzia makochi ambayo sina. Nikawaonyesha jinsi wateja wanavyokaa kwenye kochi wasilokusudia kulinunua, na wanavyokaa kwenye lile wanalolitaka wakijidai hawalitaki. Dada mkubwa akasema mwalimu mkuu ndivyo alivyomkubali mumewe. Mwalimu mkuu akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Nikamuuliza binti yake alikuwaje utotoni, hapo nikapumzika, wakasimulia wao. Wakalia, wakacheka, wakala biskuti zote. Profesa alikaa pembeni kanyooka kama msumari, aliulizwa jambo moja tu, akajibu habari za betri.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama mke wangu alipotoka na video. Hakuna mgeni aliyekuwa ameuliza saa. Wakaitazama palepale, wakapiga vigelegele, wakaagiza nyingine ya mtoto wa dada mdogo.

Wakati wa kuaga mwalimu mkuu kamwambia mke wangu ana bahati ya mume. Mke wangu kasema ndiyo. Kanitazama. Nimeshindwa kuyasoma macho yake.

Jumapili, 9 Machi

Ni mimi! Mimi! Nusu kwa nusu!

Katuita wote sebuleni. Profesa atakuwa fundi wa kuitwa anapohitajika, kaafiki, kasema hata hivyo hapendi harusi, zina watu wengi. Mshirika ni mimi. Kupokea wateja, kukaa na mama za mabibi harusi, kupanga ndugu wasigombane mbele ya kamera. Sharti moja tu: nisiguse chochote chenye skrubu. Nimeapa mbele ya mama mkwe.

Baadaye, tulipobaki wawili, kaniambia alikuwa amenichagua tangu Jumatatu, kabla hata ya ile chai. Alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mdogo wake asiumie. Kasema hakuna kadi iliyohitajika, wala kitu kingine, alinitaka mimi tu, hivihivi nilivyo. Macho yakanilowa, sioni haya kuandika. Tangu duka lifungwe hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ananihitaji mahali.

Mwanamke wa namna hii anastahili shukrani, tena ya kushtukiza.

Nimekuwa nikiichunguza kamera yake. Kuna kidoa cha vumbi, ndani kabisa ya kioo. Yeye hajakiona. Kesho anatoka kwenda kwa mteja na kamera ataiacha. Nimeshahesabu, ni skrubu nne tu.