Mji Mkongwe wa Maji, Rosettenville

Jumapili, baada ya ibada, ilitangazwa rasmi kwa kipaza sauti cha kanisa kwamba Rosettenville haina tena bomba lililopasuka. Maji yalikuwa yanabubujika barabarani pale pale kama jana, ila kuanzia siku hiyo yangeitwa Mfereji wa Kihistoria, na mtaa wetu ungeitwa Mji Mkongwe wa Maji. Waliopiga makofi walipiga. Waliobaki walikuwa wanakunja suruali.

Aliyetangaza ni Mheshimiwa Kamande, mwenyekiti wa Jumuiya ya Waswahili wa Kusini. Ndiyo kwanza alikuwa ametua kutoka China, ziara ya mafunzo, kwa niaba yetu sote. Tulimtuma akaulize wenzetu wanaishije na maji, naye hakutuangusha. Alipandishwa mashua katika miji mikongwe ambayo barabara zake ni maji matupu, mama mmoja akipiga kasia huku anaimba. Alipigwa picha kando ya ziwa lenye mayungiyungi. Aliingia mahekalu ya Wabudha akakuta watu wamekaa kimya, hakuna hata mmoja anayemuuliza kiongozi, "Lini?" Hilo la mwisho ndilo lililomgusa sana.

"Wenzetu wana maji mlangoni tangu enzi za mababu," alieleza, "na watu wanapanda ndege kwenda kuyatazama. Sisi tumeletewa bure, tunanuna. Ushamba huo!"

Katibu wake, Omollo, akapewa kazi ya utekelezaji. Shimo kubwa pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, likasajiliwa kuwa Ziwa la Mandhari. Foleni ya ndoo nyuma ya lori la maji ikaitwa Hija, maana majumbani mifereji ilikuwa haitoi hata tone. Historia nayo ina gharama zake jamani. Neno "kupasuka" likapigwa marufuku, hata kwa tairi. Mwenye malalamiko alitakiwa kukaa chini, kufumba macho na kuvuta pumzi mpaka lalamiko limtoke.

Aliyechelewa kuelimika ni Pascasie, mama wa Kirundi mwenye mgahawa wa ugali na ndagala, vile vidagaa vya kwao. Barabara imelala kidogo upande wake, kwa hiyo Historia yote ilikuwa inaingia kwake. Wateja walikula miguu juu ya viti kwa siku kadhaa, kisha wakahama. Mwenye nyumba akamwambia wazi: mwezi ukiisha bila wateja, chumba anapewa muuza simu. Na watu wa mabomba hawakuja, kwa sababu Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amewaambia mtaa hauna tatizo, na wao husikiliza Jumuiya tu.

"Mzee, nisaidie," Pascasie alimwendea. "Piga simu moja tu. Mgahawa ukifungwa, watoto wangu watakula nini?"

"Mama, umefumba macho?"

"Nimefumba, mzee. Nilipofumbua, sufuria inaelea."

"Inaelea!" Kamande alimgeukia Omollo. "Andika. Usafiri wa majini umeanza."

Msimdhanie roho mbaya. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, palipoinuka kidogo, na kutoka barazani kwake maji yale jioni yanang'aa vizuri mno. Sasa mtu atalalamikiaje kitu kinachong'aa?

Pascasie alirudi nyumbani na hasira zake, akalia, akanawa uso kwa maji ya ndoo. Kesho yake alikuja na swali.

"Mzee, huko mahekaluni, milango ikoje?"

Kamande alichangamka. "Eeh! Vizingiti vyake virefu, karibu na goti. Unainua mguu unavuka, marufuku kukikanyaga." Hakusema kwamba yeye alikikanyaga akakaripiwa na binti aliyewatembeza.

"Basi na sisi tujenge kama hivyo."

Jumuiya ilipitisha jambo hilo kikao kimoja, bila chai. Valentin, fundi mwashi, akashirikiana na majirani kujenga vizingiti vya zege upande wote wa Pascasie, mlango hata mlango, vikaungana vikawa ukuta mmoja. Kamande alikuja na tai, akakata utepe kwa mkono wake mwenyewe.

"Kizingiti hiki," alihutubia, "kitazuia mabaya yasiingie."

Kilizuia kweli. Lakini maji hayana chama. Yalipokosa pa kuingia yalijaa, yakavuka lami, yakaukuta mteremko wa gereji ya Mwenyekiti, unaoshukia ndani ya nyumba. Kabla ya chakula cha mchana yalikuwa sebuleni, na lile zulia la hariri alilonunua ziarani lilikuwa limeshaanza safari ya kurudi China.

Kamande alitoka mbio, suruali imekunjwa, simu yake imelowa haitamki neno. Mtaa mzima mahali pakavu palikuwa kwa Pascasie tu, na palijaa watu wanakula. Safari hii aliinua mguu vizuri, hakukanyaga kizingiti.

"Omollo! Maji yamezidi unga!"

Omollo alikuwa mezani, tonge mkononi, macho ameyafumba. "Navuta pumzi, Mheshimiwa. Si ndio mwongozo?"

"Mama, niazime simu."

"Chukua, mzee. Ila imeharibika kidogo, inasemea spika tu."

Akapiga kwa watu wa mabomba. Sauti ya msichana ikajaza mgahawa: "Tatizo ni nini?"

"Jumuiya hapa. Mfereji wa Kihistoria," alisema Kamande, "umevuka mipaka yake ya kiutawala."

"Mifereji ya kihistoria siyo sisi, baba. Jaribu utalii." Akakata.

Akapiga tena. Alitazama ng'ambo, akaona kochi lake limegeuka ubavu mlangoni. Akainamia simu.

"Bomba limepasuka," alinong'ona.

"Eish, pole sana. Tangu lini?"

Mgahawa mzima uliacha kutafuna.

"Tangu kabla sijaenda China."

"Sema kwa nguvu, mzee," Pascasie alimwambia, huku anapangusa meza. "Huku nyuma hawajasikia."