Kitabu Nilichokisaini Kila Ukurasa

Ninayo heshima na furaha kubwa kuutangazia umma kwamba kitabu chenye picha yangu kwenye jalada, *Muda ni Mimi: Siri za Kiongozi Mwenye Shughuli Nyingi*, kimetoka, kimeisha madukani, na sasa kinachapwa mara ya tatu. Naomba umma usikisome.

Nieleze kwa utaratibu, maana pasipo utaratibu mimi huumwa kichwa. Nilikuwa Mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Foleni. Waraka ukashuka kutoka juu: nafasi ya Katibu Mkuu, iliyokuwa wazi, atapewa ofisa atakayeandika kitabu na kukizindua kabla ya mwaka kwisha. Nafasi ile niliitaka, jamani. Niliitaka mpaka mama watoto akanifuma najiapisha mbele ya kioo cha bafuni, mswaki nimeuinua juu.

Tatizo lilikuwa dogo tu: sikuwa na muda wa kuandika. Mtu wa ngazi yangu ana vikao. Jumatatu kikao, Jumanne kikao cha kupitia kikao cha Jumatatu. Kwa hiyo nilianza na mambo ya msingi. Nilipanga tarehe ya uzinduzi, nikakodi ukumbi, nikapigwa picha ya jalada nimeshika kidevu. Nikaunda Kamati ya Dibaji. Ikakaa siku tisa, ikapendekeza kwamba dibaji ikae mwanzoni.

"Mzee, na kitabu chenyewe?" aliuliza Mama Taipu. Huyu ni katibu muhtasi wangu, miaka kumi na tisa yuko kwenye meza ya nje ya mlango wangu, na vidole vyake vina mbio kuliko mdomo wa mtu yeyote.

"Andika wewe," nikamwambia. "Kila kitakachosemwa ofisini kwangu, kuanzia naingia mpaka natoka. Mimi nikifungua mdomo tu, sura nzima hiyo."

"Kila kitu, mzee?"

"Neno kwa neno. Ukipunguza hata nukta, nakupa barua ya onyo."

"Haya. Ila utasoma kabla hakijaenda?"

"Mama Taipu, mimi niko ngazi ya kusaini. Kusoma ni ngazi ya chini."

Basi kila Ijumaa aliniletea rundo, nami nikagonga kila ukurasa muhuri wa NIMESOMA, NAKUBALI, nikasaini. Kurasa mia mbili na kumi na mbili, mkono ukavimba. Kwa kanuni zetu ukurasa wenye muhuri ule hauguswi na mtu, kwa hiyo mpiga chapa alichapa kama ulivyo. Mara tatu Mama Taipu aliniambia, "Mzee, pitisha hata jicho." Mara tatu nikamwambia aache woga.

Barua ya uteuzi nayo niliiandaa mimi, ili Waziri asisumbuke. Kwa unyenyekevu nilielekeza jina langu lisitajwe, iandikwe tu "mwandishi wa kitabu hiki". Waziri akasaini bila kusoma. Ndiyo maana tulikuwa tunaelewana sana.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Kamera zipo, waandishi wa habari wapo, mama watoto mstari wa mbele na gauni jipya. Waziri, mgeni rasmi, akaanza na barua: kuanzia dakika hii, mwandishi wa kitabu hiki ndiye Katibu Mkuu. Vigelegele! Nikainuka nusu, nikajikaza, nikakaa. Halafu akafungua kitabu katikati ili atusomee ukurasa mmoja, kwa ile sauti yake ya hotuba.

"'Sura ya Saba. Saa nne na robo. Mkurugenzi ameamka kitini, ameuliza kama chai ipo. Simu ya Waziri imelia. Mkurugenzi: Mwambie sipo. Mama Taipu: Mzee, ameshasikia sauti yako. Mkurugenzi: Mwambie hiyo ni redio. Atajuaje? Kile kichwa chake ni jumba zuri, ila mpangaji alishahama.'"

Alipoelewa alikuwa ameshafika kwa mpangaji, akamalizia kwa mazoea. Kisha mtu mmoja huko nyuma akafanya "kwi". Basi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wanashikana mabega wasianguke. Mama watoto alijifunika uso kwa pochi, na pochi yenyewe inatikisika.

"Nani kaandika hiki?" Waziri aliuliza, maikrofoni iko wazi.

Hapo ndipo uzoefu wa kazi uliponiokoa. "Si mimi, Mheshimiwa! Naapa mbele ya kamera! Hata nukta si yangu! Kaandika Mama Taipu, yule pale mwenye miwani!"

"Una hakika?"

"Nipeni karatasi nisaini!"

Wakanipa. Nikasaini. Muhuri nilikuwa nao mfukoni.

Mwandishi wa habari mmoja akanyoosha kidole. "Sasa Mheshimiwa, si ndiye Katibu Mkuu huyo?"

"Apewe! Apewe!" ukumbi ukaitikia.

Waziri aliangalia kamera. Akaangalia sahihi yake kwenye barua. Mtu ambaye nchi nzima imetoka kusikia kwamba kichwa chake hakina mpangaji hawezi kusema tena kwamba alisaini bila kusoma. "Bila shaka," akasema, jasho linamtoka. "Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo."

Mama Taipu akapanda jukwaani. Akaichukua ile barua, akaisoma yote, mstari kwa mstari, watu mia nne wamesimama wanamngoja. Ndipo akaomba kalamu.

Siku hizi mimi nakaa kwenye meza ya nje ya mlango wake. Ameniagiza niueleze umma kwa maandishi kwa nini jalada lina picha yangu na ndani kuna jina lake. Nachapa kwa vidole viwili. Tangazo hili amelirudisha mara nne, kila mara swali ni lile lile: "Umelisoma?" Nami kila mara namjibu kwamba nimeligonga muhuri.

Leo nimelisoma. Nimeanzia juu mpaka hapa, nikacheka peke yangu mpaka machozi, mpaka akafungua mlango.

"Unamcheka nani?"

"Yule Mkurugenzi, bosi."

"Haya," akasema. "Sasa gonga muhuri."