Mganga wa Redio na Waifai

Jumatano, 6 Machi

Imefika! Kompyuta mpakato, mpya kabisa, bado inanukia plastiki. Binti yangu ameituma kutoka ng'ambo kwa mkono wa rafiki yake. Agizo lake moja tu: Jumapili alasiri tukae mbele yake, mimi na mama yake, tumwone mjukuu wetu wa kwanza. Ana mwezi mmoja na sijamtia machoni.

Fundi wa mtandao alikuja asubuhi. Akatundika kisanduku chake ukutani, akaiunga kompyuta na waifai, akanionyesha inavyofanya kazi, akaaga. Alitaka kunieleza vitufe. Nikamwambia asijisumbue. Mimi nimetengeneza redio tangu ujana wangu, na mtaa mzima uliniita Mganga. Redio iliyokufa ililetwa kwangu imebebwa, ikaondoka inaimba.

Alipotoka tu, nikavikagua vitufe mwenyewe. Wamefikiria kila kitu! Kimoja kina picha ya ndege. Binti yuko ng'ambo, na ng'ambo hakufikiwi kwa baiskeli. Nikakibonyeza. Kataa kadogo kakawaka juu yake. Safi!

Papo hapo intaneti ikakatika. Namshuku fundi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia fundi. Akasema nizime kila kitu, nisubiri kidogo, niwashe. Nikazima kila kitu, kuanzia swichi kubwa ya nyumba. Mama watoto alikuwa anapiga pasi. Aliyoyasema siyaandiki, daftari hili lina heshima zake.

Nikawasha. Taa zote za nyumba zikarudi, kataa ka ndege kakarudi, waifai hola!

Eti zima, washa. Huo ndio ufundi wa siku hizi? Sisi tulikuwa tunanusa. Nilikuwa naifungua redio, nainusa, najua kilichoungua. Jamani, duka langu! Redio zimejaa rafu hadi darini, zote zinasema kwa pamoja, moshi wa risasi ya kulehemu unanipanda puani, na mama watoto ananiletea chai huku analalamika kwamba hasikii hata mawazo yake. Sasa ni kinyozi pale. Nikipita huvuka barabara, nipite upande wa pili. Inaniuma bado.

Jioni akaja mzazi mwenzangu, baba yake mkwe wetu. Mwalimu mkuu mstaafu, na hajawahi kustaafu kusahihisha watu. Ameshamwona mtoto mara mbili kwenye kompyuta yake. Akatangaza kwamba masikio ni ya kwao. Masikio! Kisha akatukaribisha Jumapili kwake, kama bado tunahangaika. Nikamjibu hatuhangaiki na lolote. Yangu inakamata kwa nguvu kupita kiasi, ndiyo maana nimeipumzisha. Mama watoto akakohoa mpaka akatoka nje.

Baadaye akaniambia mficha uchi hazai, nimweleze mwenzangu shida, tukaone mtoto kwa amani. Nikamwambia mimi nimeshazaa, na aliyezaliwa ndiye aliyeleta kompyuta. Mjukuu wangu wa kwanza sitamwonea kwenye sebule ya yule bwana, nikisahihishwa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata jibu. Hewani ni hewani, iwe redio iwe waifai. Kinachokosekana ni antena! Nikatoa waya wa shaba chini ya kitanda (mama watoto alidhani nimeshautupa), nikapanda paani, nikaufunga kwenye mti wa kuanikia nguo niliousimamisha wima, nikaushusha dirishani hadi kwenye kitundu cha spika za masikioni.

Hola. Lakini nilikaa kule juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilimkumbuka binti yangu. Siku za mpira, redio yetu ya nyumbani ilikuwa inakwaruza kama paka kwenye gunia. Basi yeye ndiye aliyekuwa antena. Anapanda kigoda, anashika waya, mkono juu, na mimi napiga kelele: hapohapo, usihame! Sauti inanyooka. Akishusha mkono kujikuna, goli linatupita. Hakulalamika. Aliniuliza mara moja tu kama akienda mbali sana redio itakamata zaidi. Nikamjibu ndiyo, ukifika mbali kabisa tutasikia dunia nzima. Nikacheka. Sikujua mtoto anasikiliza.

Mama watoto akaniita nishuke kabla sijavunja vigae. Nikamwambia vumbi limeniingia machoni.

Jumamosi, 9 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu nimeahidi kuandika zote.

Mpango ulikuwa mzuri. Nipime kama ubovu uko kwenye kompyuta au kwenye waifai ya nyumbani. Kwa hiyo niipeleke penye waifai nzima. Penye waifai nzima ninapopajua ni kwa mzazi mwenzangu tu, na neno lake la siri amelibandika ukutani kwa maandishi ya ubaoni. Nikaitia kompyuta kikapuni, nikaifunika na mboga za majani, nikaenda kuwajulia hali.

Ala! Mkewe akakipokea kikapu mlangoni kwa mikono miwili. Akashukuru, akasema kumbe tunawakumbuka, akaingia nacho jikoni. Nifanye nini? Nimnyang'anye mama wa watu zawadi yake? Nikaketi. Mzazi mwenzangu akanieleza habari za masikio. Nikatikisa kichwa kukubali. Jasho likanitiririka. Huko jikoni nikasikia bomba limefunguliwa.

Nikaruka, mzazi mwenzangu nyuma yangu. Nikamkuta ameshika fungu la mboga mkono mmoja na kompyuta yangu mkono wa pili, anatuuliza sisi wawili hii inapikwa vipi.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Mzazi mwenzangu alicheka hadi akavua miwani. Kisha, na hili ndilo lililoniuma zaidi, akaacha kucheka. Akanishika bega, akasema kwa upole njooni kesho, kaka, mtoto ni wetu sote.

Nikamwambia nitafikiria. Mboga waliziweka.

Jumapili, 10 Machi

Nilivaa koti la harusi ya binti. Linabana. Mama watoto alikuwa tayari tangu adhuhuri, amejitanda, mkoba mkononi, tayari kwenda kwa wale wazazi wenzetu. Nikamwomba aningoje kidogo tu, niuzungushe waya upande mwingine. Akaniambia nikichelewa ataniacha na antena yangu.

Nikapanda na koti langu. Nikauvuta waya kushoto. Nikauvuta kulia. Na hapo, wallahi, chini nikasikia mlio! Kompyuta inaita! Nikashuka ngazi nusu kwa miguu, nusu kwa makalio.

Ndiye. Binti yangu, kwenye kioo, amekonda, amechoka, anacheka. Akainua kitu kilichoviringwa kwenye blanketi. Uso mdogo uliokunjamana. Akapiga miayo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea yote. Paji la uso lilikuwa la mama yangu, yuleyule aliyeuza kuku wake ili ninunue bisibisi ya kwanza. Nililia, basi. Nimeandika. Mama watoto alilia pia, ila yeye aliweza kulia huku anaongea, akauliza mtoto analala vipi, ananyonya vipi, na nani anamkanda mama yake kwa maji ya moto. Binti akasema, hakuna wa kunikanda, mama.

Kisha akaniambia, Baba, sauti yako inafika kwa mbali sana, sogea. Nikasogea. Akasema bado. Akaahidi atapiga kila Jumapili, kwa sababu siku nyingine ni kazi tu.

Tulipomaliza, mama watoto akadai kwamba ni yeye aliyefanya iite. Eti alipokuwa akifuta vumbi aliona kataa ka ndege kanawaka, akajiuliza ni nani anayesafiri. Hakumwona. Akakizima kitufe, kisimalize umeme bure. Ndipo ikaita.

Nilimtazama kwa huruma. Watu wasio na ufundi hudhani kila kitu ni kitufe. Ilikuwa ni waya, na ulikuwa kulia.

Jumatatu, 11 Machi

Nimempelekea mzazi mwenzangu habari. Akafurahi kwa dhati, jambo lililoniharibia furaha kidogo. Masikio nimemwachia. Paji la uso ni letu.

Lakini sauti. Sikulala vizuri kwa ajili ya sauti. Mtoto yule atanijua kwa sauti tu, kioo bado hajui kukitazama, na sauti inamfikia kwa mbali. Mganga hawezi kuvumilia hilo.

Mama watoto ameenda sokoni. Nimetandaza shuka mezani, nimeigeuza kompyuta kifudifudi, nimetoa skrubu zote. Vitu vya ndani ni vidogo mno siku hizi, lakini nimeinama, nimenusa, na moyo wangu ukaruka kama zamani. Tayari nimeona kispika kimoja kinyonge sana. Nimekikata. Kwenye boksi langu la akiba kuna spika ya redio ya zamani, kubwa kama sahani, na chuma cha kulehemu kimeshapata moto.

Jumapili mjukuu wangu atanisikia kama nimekaa kando ya kitanda chake.